Kisigino cha Ufito

Sakafu ya ghala ilipokauka, Mama Mistari ndiye aliyepewa heshima ya kuikanyaga kwanza. Fundi alimfungulia mlango, akasogea pembeni kama bawabu.

"Pita, mama. Viatu tu uviache nje. Saruji ya kwenye nyufa bado ina hasira."

"Itanikuta na mimi nina zangu," alisema, akavua kandambili akaziweka sambamba kando ya kizingiti.

Ndani kulinukia chokaa mbichi. Kwa wiki tatu hakuwa ameruhusiwa kuingia, na sasa alitazama kila kitu polepole, kama mtu anayetazama mtoto aliyerudi kutoka safari. Kifusi kilikuwa kimeondolewa. Mawe ya zamani yalikuwa yameoshwa hadi rangi yake ikaonekana. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa kushoto, akaupa mgongo, akaegemea. Ndivyo alivyolipumzisha goti lake bovu miaka yote aliyoshona magunia humo ndani. Na kama alivyozoea, aliinua mkono bila kuangalia, vidole vikaenda usawa wa sikio kuutafuta mstari wa Maji ya Mama.

Vidole vikakuta chokaa tupu.

Akapapasa juu kidogo, akapapasa chini kidogo. Mwisho akageuka. Mstari ulikuwepo, umechongwa vizuri, kwa mkono wake mwenyewe. Lakini ulikuwa usawa wa kiwiko.

"Fundi," aliita kwa sauti yake ya siku zote, "hii sakafu mmeipandisha?"

"Hata unene wa ukucha, mama. Mawe ni yaleyale. Mwenyekiti alituambia wageni wanataka kukanyaga walipokanyaga wazee."

Mama Mistari hakuwa mtu wa kuruka kabla ya kutazama. Alirudi mlangoni, akalitafuta lile jiwe la kona lenye ufa, akaona bado linakutana na kizingiti kama zamani. Kisha akaupitia mstari mmoja baada ya mwingine, akiupimia mwili wake. Uliokuwa nyongani sasa ulikuwa gotini. Wa kwapani ulikuwa umeshuka kiunoni. Mistari yote mitano ilikuwa imeshuka shibiri mbili, kama ngazi iliyozamishwa ardhini.

"Kuna tatizo, mama?"

"Sijui bado," alisema, na ilikuwa kweli.

Mji wao ulikuwa mdogo, umekaa mahali mto unapokunja kona, na ghala lile la pamba ndilo lililokuwa jengo la kwanza kufikiwa na maji kila mto ulipofura. Tangu enzi za msimamizi wa kwanza wa ghala kulikuwa na utaratibu mmoja usiovunjwa: maji yakiondoka, hakuna kufagia tope kabla ya kuchora. Mtunza ukuta anaingia peke yake na tindo, anatafuta mahali tope lilipoishia, anachonga mstari hapo hapo. Ndipo mafagio yanaruhusiwa. Kila gharika lilikuwa na jina. Kulikuwa na Maji ya Masufuria, ambapo vyombo vya mtaa mzima vilikutwa vimepanga foleni sokoni. Kulikuwa na Maji ya Bibi Harusi, ambaye alifika kwa mumewe kwa mtumbwi akiwa amebeba viatu kichwani. Serikali iliwahi kusimika kipimo cha chuma mtoni, lakini kilisombwa na maji yaleyale kiliyotakiwa kuyapima. Ukabaki ukuta.

Mstari wa juu kabisa ndio ulioitwa Maji ya Mama. Mwaka huo yeye alikuwa na miaka kumi na miwili na mdogo wake miezi tisa. Mama yao aliwapandisha kwenye boriti ya ghala, mtoto akiwa ndani ya tenga la kuku, kisha akashuka kumfuata bibi wa nyumba ya pili. Hakurudi, wala hakupatikana. Hakukuwa na kaburi. Kulikuwa na mstari. Mtoto akatolewa tengani na dada yake, akalelewa naye, akapewa jina la utani la Kifaranga, jina ambalo lilimfuata hadi alipoota ndevu. Siku hizi ni yeye peke yake, dada, aliyethubutu kumwita hivyo. Wengine wote walimwita Mwenyekiti.

Wazo la wageni lilikuwa la Mwenyekiti. Boti za watalii zilipita pale kila wiki zikielekea maporomoko, watu wakipunga mikono bila kushuka. Alizunguka ofisi mbili mwaka mzima, akarudi na mpango: ghala liwe nyumba ya urithi wa mto, na kwenye uwanda wa chini, karibu kabisa na maji, vijengwe vibanda vinane vya kulala wageni, juu ya nguzo fupi. Mama Mistari alimsikiliza siku hiyo mikono ikiwa mapajani. Alitunza ukuta ule maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake. Sasa mdogo wake mwenyewe alisimama mbele ya mji akasema ukuta ule ni hazina, na mtunzaji wake ni dada yake. Alilia kidogo, akasingizia vumbi la magunia.

Plasta ya zamani ilikuwa inabanduka, ikabidi ibomolewe. Ndipo akatafuta ufito ulionyooka, akaupigilia kisigino cha bati la kopo la maziwa kwa misumari mitatu ili usilike chini. Akausimamisha kwenye jiwe la kona, akanakili mistari yote mitano juu yake kwa kisu. Ghala lilijaa mafundi, hivyo ufito ukahifadhiwa nyumbani kwa Mwenyekiti. Plasta mpya ilipopigwa alirudi na tindo. Sakafu wakati huo ilifunikwa na kifusi hadi gotini, kwa hiyo mdogo wake alichimba shimo mpaka kwenye jiwe, akaingiza mkono, akaukamata ufito kwa chini.

"Nimeshika, Dada," alimwambia. "Wewe chora."

Akachora.

Kutoka ghalani alipita kwa wifi yake, mke wa Mwenyekiti. Alimkuta jikoni, unga hadi kwenye nyusi.

"Wifi, leo umenikumbuka! Au umesikia harufu ya maandazi?"

"Harufu nimeisikia tangu mtaa wa juu. Nikasema, leo wifi anachoma nyumba."

"Kaa hapo mchokozi wewe. Nyumba ikiungua, kaka yako huyo haji hata kuona moshi. Analala na ramani zake, anaamka na ramani zake. Mimi nimeolewa na uwanda wa chini."

"Si kaka yangu, mdogo wangu huyo. Ulimpenda mwenyewe, sikukulazimisha."

Walicheka. Mama Mistari alipokea andazi, akaliuma, na macho yake yakaenda dirishani. Dirisha la jiko lilikuwa la ubao, la kusukuma kwa nje, na lilikuwa limezuiwa na kijiti ili lisijifunge. Kijiti chenyewe kilikuwa na urefu wa shibiri mbili. Kwenye ncha moja kilikuwa na kisigino cha bati la kopo la maziwa. Misumari mitatu.

Aliliweka andazi chini.

"Wifi, hicho kijiti umekitoa wapi?"

"Kile? Nilikikuta uani karibu na msumeno wa mume wangu. Nikasema angalau kwa mara moja ameacha kitu chenye faida. Vipi, unakitaka?"

"Nakitaka."

"Chukua bwana, nitatafuta kingine. Wewe na vijiti vyako!" Wifi alikichomoa, dirisha likajifunga kwa kishindo, jiko likawa giza kidogo. Ndipo akamwona uso. "Wifi? Goti?"

"Goti," alisema Mama Mistari.

Ofisi ya Mwenyekiti ilikuwa kile kibanda kilichokuwa cha kukatia tiketi za kivuko. Juu ya meza alikuwa amepanga mfano wa mradi: mto wa karatasi ya buluu, ghala la boksi la viatu, na vibanda vinane vya karatasi ngumu vilivyoezekwa kwa njiti za ufagio. Alikuwa akibandika mlango wa kibanda cha sita kwa gundi. Alikuwa na subira ya mikono tangu utotoni.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba, Kifaranga."

"Dada, nilikuomba. Hapa ofisini…"

Aliweka kile kijiti mezani, katikati ya mto wa buluu.

Mwenyekiti alikitazama. Aliufunika mkebe wa gundi, akainuka, akafunga mlango, akarudi kuketi. Hakujifanya hajui, na kwa hilo dada yake alimshukuru moyoni, kidogo.

"Umekitoa wapi?"

"Dirishani kwa mkeo. Hata kuficha hujui. Ulikuwa ukiiba sukari unaacha nyayo."

"Dada, nisikilize mpaka mwisho. Sheria inasema mgeni halali chini ya mstari wa maji ya juu kabisa, na nguzo za kibanda zisizidi usawa wa kiwiko. Kwa mistari ile ya zamani, uwanda wote haufai. Wote. Tujenge wapi? Angani?"

"Kilimani."

"Kilimani, nyuma ya shule! Mtu apande boti siku nzima aje alale anatazama vyoo vya darasa la nne?" Alicheka peke yake. "Maji hayajafika pale miaka arobaini na tatu."

"Yalifika mara moja."

"Mara moja, Dada! Na kivuko kimekufa, ghala lilishakufa, vijana wanaondoka wanaacha hata mbwa wao. Fundi ana wana watatu mbali huko, wote amewaandikia warudi kujenga. Unataka nimwambie nini? Kwamba kuna mstari?"

Mama Mistari alifikiri. Hakuna alichokisema mdogo wake kilichokuwa uongo, na hilo lilimuumiza zaidi kuliko kama angekuta kichwa chake kimejaa uongo mtupu.

"Kwa nini hukuchora mwenyewe?" aliuliza. "Tindo unajua kuishika. Kwa nini ulinipa mimi ufito uliokatwa?"

Mwenyekiti alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

"Mimi nani angeniamini? Mimi ndiye ninayeutaka mradi. Wewe wakikuona na tindo yako hakuna anayeuliza. Bi Mkaguzi mwenyewe, wa kupitisha mradi, alisema, mkono wa yule mama unanitosha. Ndiyo maana kwenye fomu kuna nafasi ya sahihi yako. Mtunza alama."

"Kwa hiyo ulihitaji mkono wangu."

"Nilihitaji jina lako."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Mama Mistari alisubiri upite.

"Siku ile shimoni, uliniambia umeshika."

"Nilikuwa nimeshika."

"Na mstari wa Mama?"

"Dada." Sauti yake ilishuka. "Wewe unamkumbuka. Mimi sikumjua. Nimekua nikipelekwa ghalani kila mwaka, siku yangu ya kuzaliwa, kusimama mbele ya ukuta, eti nimsalimie. Ule ni mstari. Mama hayumo ukutani."

Mama Mistari alikichukua kijiti, akakifuta gundi kwa upindo wa kanga.

"Jumamosi, mbele ya Bi Mkaguzi, utasaini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Jumamosi nitakuja."

Siku mbili zilizofuata alizitumia kwa namna aliyoijua, hatua kwa hatua. Alimwendea wifi yake, akaomba na ufito wenyewe, uliokuwa umeegeshwa nyuma ya mlango. Aliunganisha vipande viwili, akaona vinakutana bila hata upenyo. Kisha alishuka uwandani. Vigingi na kamba vilikuwa tayari. Alikumbuka hesabu ya zamani ambayo msimamizi alimfundisha: jiwe la kona la ghala na mzizi mkubwa wa mkuyu uwandani viko usawa mmoja, maji yakigusa hiki yanagusa na kile. Akausimamisha ufito mzima kwenye mzizi ule. Mkato wa Maji ya Mama ulipita juu ya kitanda chochote ambacho mtu angeweza kukilalia. Nguzo za vibanda zingeishia shibiri mbili chini yake. Akasimama pale, akajaribu kumwona mgeni, mtu asiyejua kwamba mto huu hupanda kimyakimya, anaamka na kushusha miguu.

Fundi alimkuta hapo akiwa na kamba begani.

"Mama! Unakagua kazi? Mwanangu wa pili amesema anarudi wiki ijayo. Wewe na mdogo wako, sijui niseme nini."

"Usiseme kitu bado, fundi," alimjibu, na akashindwa kumtazama.

Jumamosi ghala lilijaa. Bi Mkaguzi alikaa mbele, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa na faili jekundu magotini. Mwenyekiti aliongea vizuri, kama kawaida. Alisema mji usiojua maji yake haujijui. Watu wakapiga makofi. Kisha akanyoosha mkono. "Na sasa dada yangu, mtunza alama, atatusomea ukuta, kisha atie sahihi."

Mama Mistari alisimama na kifurushi chake cha kanga. Aliyekaa nyuma alilazimika kuinama mbele ili amsikie.

"Mistari hii nimeichora mimi," alisema. "Hakuna mwingine aliyeshika tindo. Na yote si sahihi."

Minong'ono ilianza upande wa dirisha. Alifungua kifurushi, akatoa ufito, akatoa kijiti.

"Ufito niliopimia ulikuwa umekatwa shibiri mbili kwa chini. Sikukagua kisigino. Ni kosa langu, kazi ya kwanza ya mtunza ukuta ni kukagua kisigino. Niliamini aliyeushika."

Hakutaja jina. Alikuwa ameamua hivyo tangu alfajiri, na alidhani hilo lingempa mdogo wake nafasi ya kusimama mwenyewe.

Mwenyekiti alisimama. Alikwenda hadi alipo dada yake, akamwekea mkono begani kwa upole, akawageukia watu.

"Ndugu zangu, tumvumilie. Dada yangu ametulea wengi hapa. Lakini umri ni umri. Siku hizi anasahau. Juzi amekuja ofisini kwangu na kijiti cha dirisha la jikoni akakilaza juu ya ramani yangu." Watu wachache walicheka, si kwa ubaya. "Bi Mkaguzi, tutaendelea. Dada, kaa upumzike."

Mkono ulibaki begani. Ulikuwa mkono wa joto. Mama Mistari aliujua tangu ukiwa mdogo kiasi cha kushika kidole kimoja tu. Aliyavumilia ya ufito, na ya jina lake, na hata ya ukutani. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Alisimama pale mbele ya mji mzima akionekana kabisa kama bibi aliyesahau alichokuwa anasema.

"Kijiti hicho kilikuwa dirishani kwangu."

Ni wifi. Alikuwa amesimama karibu na mlango na beseni la maandazi ya wageni.

"Mke wangu," alisema Mwenyekiti, "haya si…"

"Nilikiokota uani, unga wa mbao bado mbichi chini ya msumeno wako. Siku ya pili yake mkaja kuchora. Mimi sijui mambo ya mistari. Lakini wifi yangu hasahau kitu. Bado ananidai sindano niliyoipoteza kabla ya kuolewa." Alitua beseni sakafuni, akaja mbele akifuta mikono kwenye gauni. "Nifanyeje, wifi?"

"Shika chini," alisema Mama Mistari. "Kisigino kikae juu ya jiwe la kona."

Wifi akapiga magoti, akashika vipande viwili vikakutana. Fundi alisogea bila kuitwa, akainama akatazama mahali vilipoungana, akatazama misumari mitatu ya bati. Akafunga macho kidogo, kama mtu anayewatoa wana wake watatu kwenye boti mmoja baada ya mwingine. Kisha akamkabidhi Mama Mistari tindo yake.

Mkato wa juu ulikaa usawa wa sikio. Aligonga nyundo. Chokaa ilidondoka kwenye mabega ya wifi, naye hakuondoka. Bi Mkaguzi aliivuta ile fomu kutoka kwenye faili, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Mstari ulipokamilika, Mama Mistari aligeuka kumtafuta mdogo wake. Kiti chake kilikuwa wazi. Kupitia mlangoni alimwona akishuka kuelekea uwandani, koti begani, akipita katikati ya vigingi bila kuviangalia.

Mwaka uliofuata vilijengwa vibanda vitatu, kilimani, nyuma ya shule. Fundi alipata mwana mmoja wa kurudi, si watatu. Kuna watu mjini ambao hadi leo hawampi Mama Mistari salamu ila wakikutana naye uso kwa uso. Mwenyekiti humsalimia daima, "Shikamoo, Dada," kwa heshima zote, huku akitembea. Siku yake ya kuzaliwa ilipofika dada alimngojea ghalani, kama kila mwaka. Alingoja mpaka jua likahamia dirisha la nne, kisha akafunga.

Boti husimama siku hizi, si zote. Wageni huvua viatu, huingia, hutazama ukuta na kuuliza swali lilelile: kwa nini kila gharika lina mistari miwili?

"Wa juu uliwekwa na maji," huwaambia. "Wa chini niliuweka mimi. Ufito ulikuwa mfupi."

Wengi hutosheka. Mara moja moja hutokea mmoja, mwanamke aghalabu, anayeuliza ni nani aliyeukata. Hapo Mama Mistari huchukua ufagio, huinama kwa taabu kwa ajili ya goti, na huanza kufagia kwenye jiwe la kona, mahali ambapo hapana vumbi.